Injini Iliyokunywa Mafuta Yetu

Shoga yangu Sofia, nakuandikia hapa hapa Kariakoo, kwenye karatasi ya sabuni.

Tangu alfajiri tuko kwenye foleni ya mafuta ya kula, duka la ushirika. Chupa zetu tumezipanga chini zitushikie nafasi, wenyewe tumekaa kivulini.

Mara likaja gari la mashindano, jekundu, limejilaza chini kama mjusi. Linasukumwa na wachukuzi! Bwana mmoja wa shirika la umma, kitambi mbele, akasema limeundwa kuonyesha injini mpya. "Ndugu wananchi, injini hii haitaki petroli!"

Tukapiga makofi. Shoga, tulipiga makofi!

Kisha akaingia dukani, akatoka na debe. Debe letu! Akayamimina yote kwenye tangi. Mafuta ya kula, Sofia. Ya kula!

Injini ikanguruma. Moshi ukanuka maandazi mtaa mzima. Yeye anachekelea: "Huku ndiko kujitegemea!"

Muuza duka akafunga mlango. "Mafuta yamekwisha."

Ndipo Bi Mauza, yule bibi jirani yangu, akaokota chupa yake, akaenda kuikinga kwenye bomba la moshi.

"Mwanangu," akamwambia yule bwana, "wa kwanza kwenye foleni nilikuwa mimi."