Funguo Mbili Mfukoni Mwangu

Jumapili, 10 Novemba 2024

Baada ya misa, chama chetu cha kahawa cha Vuhovi kimekubali: Jumatano kura kwa simu. Swali moja — Zacharie abaki président au atoke? Mwaka jana tulinyoosha mikono. Mjane Bénite alimpinga. Msimu mzima kahawa yake ilikosa nafasi ya kukaushwa!

Binti yangu Kavuo, mtu wa informatique, kazi ya kompyuta, ameeleza vizuri. Kila kura inafungwa ndani ya simu. Zinajumlishwa zikiwa zimefungwa. Inafunguliwa jumla tu. Walinzi wa ufunguo tuko watatu, kila mmoja na sehemu yake ndani ya simu yake: mimi, jirani yangu Stanislas, na mama Hadassa. Wawili wakikutana, inafunguka. Mmoja peke yake haoni kitu.

Nimekumbuka kibuyu cha zamani. Haragwe jeupe ndiyo, jeusi hapana, mkono chini ya kitenge. Tukishahesabu, mama zetu waliyapika yote katika chungu kimoja. Tulikula siri zetu!

Jumatano, 13 Novemba

Wote wamepiga kura; jumla tutaifungua Jumapili. Stanislas ameenda Beni, kwenye msiba mtaa wa Mulekera. Ameniachia ufunguo wa nyumba, kama siku zote. Na simu yake, na namba yake ya siri — njiani wanapokonya, eti. Jirani akisafiri, unapokea. Nimepokea.

Alhamisi, 14 Novemba

Kavuo ameona simu mbili mezani. "Papa! Sasa weye peke yako unaweza kufungua hata kura ya mutu mumoja. Hapana sema kwa mutu!"

Kumbe siri yote ilikaa katika sisi kuwa wawili.

Nimempata Stanislas kwa simu ya mkwewe. Amecheka: amwamini nani kama si mimi? Hata Zacharie amemwambia aniachie mimi.

Ijumaa, 15 Novemba

Zacharie yuko salon, sebuleni kwetu. Ni kaka wa mke wangu, Virginie. "Shemeki, jumla sitaki. Jina moya tu. Ya dada yangu." Virginie amemwapia kwamba amemchagua; yeye anataka kuhakikisha, basi.

Huyu ndiye aliyembeba Virginie mgongoni kuvuka mto, gauni la komunyo lisilowe.

Nikikataa, atasema: kumbe dada alinipinga. Nikisema ndiyo, alikuchagua, bila kuangalia, kesho atakuja na jina la Bénite. Nikiangalia, nitajua mimi pia — na mimi sijamwuliza mke wangu.

Virginie ameingia na chai, Zacharie akageuza maneno. Nimesema natafuta miwani. Naandika nimesimama, chumbani.

Virginie anaita: "Baba Kavuo, miwani si iko ku macho yako!"

Wanacheka wote wawili, kaka na dada, kicheko kimoja. Simu ya Stanislas ni nzito mfukoni. Zacharie anasema hana haraka, atangoja.