Babu wa Saba

Jumanne, baada ya isha

Bado namwaza huyo mwanamke anayetembea Nairobi na jina langu. Aliwapigia benki, akaulizwa tarehe ya kuzaliwa, akapewa kadi yangu. Tarehe gani! Nusu ya Garissa tumeandikishwa kwamba tulizaliwa tarehe moja Januari.

Leo kadi imefungwa, alhamdulillahi. Benki wakataka swali jipya la siri. Hooyo, mama yangu, alikuwa kando yangu.

"Wakuulize babu yako wa saba," akasema. "Wallahi, mwizi hawezi jua."

Akanitajia jina, nikaliandika kwenye fomu yao.

Sasa nimejilaza uani, nawaita babu zangu kwa majina, kizazi baada ya kizazi. Wanakuja polepole kama ngamia wa jioni, kengele za mbao shingoni. Wa sita amepita. Wa saba...

Hooyo ameshalala. Benki wakipiga sasa, mwizi ni mimi.