Mama Mwishoni mwa Jukwaa

Baba,

Mama ametoka tena. Aliyenipa habari hiyo ni Birgitta, msimamizi wa nyumba ya wazee hapa Spånga, aliponipigia simu juzi mchana. Walimkuta stesheni, amevaa koti la baridi juu ya kitenge, amesimama mwisho kabisa wa jukwaa, pale pasipo na benchi wala paa. Hakuwa ameumia. Hakuwa amepotea pia: alimtajia mfanyakazi wa stesheni jina lake na mahali anapokaa, kwa Kiswidi kizuri kuliko changu. Lakini Birgitta anapendekeza ahamishiwe wodi ambayo mlango wake hufunguliwa kwa namba ya siri. Nilimwomba arudie sababu ili nisije nikakosea. Akarudia: "Anamsubiri mume wake aliyefariki."

Nimeanza na hilo kwa kuwa ndilo jipya. Mengine ni ya tangu uondoke.

Ulifariki baridi ikiingia, na kwa desturi ya hapa tulingoja wiki kadhaa kabla ya kukuzika. Katikati ya kungoja huko Mama aliteleza kwenye barafu mbele ya duka la mtaani kwenu Rågsved akavunjika nyonga. Siku ya mazishi alikuwa amelazwa. Tulimwonyesha kwa simu. Picha ilikwama mchungaji alipoanza kuomba, na iliporudi kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Muuguzi alituambia kwamba Mama alimrudishia simu, akageukia ukutani.

Nyumba yenu tumeirudisha kwa wenyewe. Ghorofa ya tatu bila lifti isingemfaa tena. Sasa anakaa karibu nami, katika chumba chenye dirisha linalotazama reli. Dirisha hilo nililichagua mimi. Nilidhani litamliwaza.

Anayemhudumia zaidi ni Espérance, mama wa Kirundi wa makamo. Kiswahili chake ni cha Bujumbura, cha Mama ni cha Tabora, na kutwa nzima wanasahihishana. Mara ya kwanza Mama alipotoka, Espérance alimkimbilia hadi stesheni, akanipigia akihema. "Dada, nyonga ya Bibi ni ya chuma," akasema. "Yangu ya mfupa ndiyo inachoka." Nilicheka. Mara zilizofuata sikucheka.

Kila alipotoka nilifanya nilichokifanya miaka yote katika kazi yangu ya uandishi wa habari: nilimpa ukweli, wazi na kwa maneno machache. Nilimkalisha kitandani nikamwambia, Mama, Baba amefariki. Alinitazama kwa upole, akasema, "Ndiyo," halafu akaomba chai. Birgitta aliona kwamba amesahau tena. Espérance aliona hivyo. Nami niliona hivyo. Watu watatu, na wote tulikuwa na uhakika.

Jana nilikwenda naye mwenyewe. Nilitaka kuona anachokiona.

Alitembea polepole na fimbo yake. Akapita benchi la kwanza, akapita mashine ya tiketi, akawapita hata wale vijana wanaopenda kusimama peke yao, mpaka pale jukwaa linapokwisha na kubaki kokoto. Theluji ilikuwa bado imelala kati ya reli. Pumzi zetu zilitoka nyeupe, yake fupi, yangu ndefu. Kisha treni ya masafa ya mbali ikapita bila kusimama, ikainua ile theluji yote laini, nasi tukawa ndani ya wingu. Sikumwona Mama, wala mkono wangu mwenyewe. Nilisikia tu chuma kikienda mbali, mlio ukizidi kufifia, na kwa kitambo hicho, Baba, nilikuwa London.

Sina namna nyingine ya kulisema. Stesheni ile kubwa ulikofanyia kazi ujanani nimewahi kufika mara moja, kwa kazi, nikaikuta safi, imejaa maduka ya kahawa. Niliyoiona jana ni ile nyingine, uliyotujengea jikoni kwa maneno tangu tukiwa wadogo. Paa refu kama anga la pili, vioo vyake vingine vikiwa bado na rangi nyeusi waliyopaka wakati wa vita ili ndege za adui zisione taa. Jua likishuka ndani ya moshi kwa mistari, kana kwamba mtu amelichana. Njiwa wenye rangi ya makaa. Wanaume waliovaa makoti ya jeshi kwa kuwa hawakuwa na makoti mengine, wakikimbilia mabehewa na magazeti kwapani. Na injini zimepangana mwisho wa reli, zinapumua kwa zamu, kila moja na pumzi yake. Ulisema ungeweza kulala pale na bado ukajua ipi imechoka.

Shirika la reli lilikutuma kutoka Tororo ukajifunze kazi. Walikupa kitambaa na mafuta kwanza, koleo la makaa baadaye. Ulipokuwa mchochea moto, asubuhi mliosha koleo kwa maji ya moto, mkalipaka mafuta, mkaliingiza kwenye mdomo wa tanuri na dereva akakaanga mayai juu yake. Ulidai hujawahi kula mayai mazuri kama yale, na Mama kila mara akikujibu, "Basi ungemwoa dereva." Ulisema pia kwamba kufikia jioni wote mlikuwa weusi, halafu wenzako wakaenda kuoga na kurudi kuwa wazungu. Miaka mingi baadaye ulipoendesha tunnelbana, treni za chini ya ardhi za hapa, kwenye ile njia ya kijani, hukuwahi kuisema vibaya. Ulisema ni treni nzuri, ila haipumui.

Mama alikuwa mwanafunzi wa uuguzi hukohuko London, hana mtu mwingine mjini wa kuzungumza naye Kiswahili. Alikuja kukuaga kila ulipopangiwa safari ya pwani, akirudi bwenini na kola iliyogeuka kijivu. Aliwaambia wageni wetu kwamba alikupenda kwa ajili ya meno, kwa sababu hakuna kingine alichoweza kukiona.

Na kuna jambo moja ulilolieleza mara nyingi hadi nikaacha kulisikiliza. Stesheni ile ni ya mwisho, reli haziendelei mbele. Injini ikifika na mabehewa, pua yake inagota ukutani na mabehewa yanaiziba nyuma. Hainasuki mpaka injini nyingine ije ifungwe upande wa pili na kuyavuta mabehewa yatoke. Gadi wa treni anapoinua bendera ya kuondoka, ile iliyozibwa haikai kimya. Inasukuma kwa nyuma, bila kufungwa kwa mnyororo, ikiyasaidia mabehewa mazito yaanze kwenda. Inayafuata taratibu mpaka nje ya paa, mpaka mwisho wa jukwaa. Hapo inasimama. Treni inaendelea, nayo inabaki ikitoa mvuke kwenye mvua.

Kazi yako ya kwanza ya koleo ilikuwa kwenye injini kama hiyo. Wenzako walikuwa na jina lao kwa kazi ile. Wewe uliiita kusindikiza. "Mzungu hamsindikizi mgeni," ulisema, "anamfungia mlango mgongoni. Lakini injini yake ina adabu." Nyumbani kwetu hakuna mgeni aliyeishia mlangoni. Ulivaa viatu, ukashuka ngazi zote, ukaenda naye mpaka kwenye geti la tunnelbana, hata kama ni baridi ya kukata masikio. Majirani walidhani tuna wageni wasiojua njia.

Haya yote yalinipita ndani ya wingu, si kwa mpangilio huu. Theluji ikatua. Mama alikuwa palepale, nyusi zake nyeupe, anatazama upande treni ilikoelekea. Nikasema kile nilichokwisha kukisema mara nyingi: "Mama, Baba hatakuja."

Akanigeukia. "Nani amesema anakuja?"

Nikampangusa theluji begani.

"Kila siku unaniambia amekufa. Unadhani sijui? Mimi ndiye niliyemshika mkono alipokata roho. Ninyi mlikuja baadaye na viatu vyenu vya theluji." Alisema bila hasira, kama anayemwelekeza muuguzi mgeni. "Nimefunga macho ya watu tangu hujazaliwa, Awor."

Nikamuuliza basi anasubiri nini.

"Wewe ni mwandishi. Umewahi kuona mtu anampokea mgeni huku mwisho wa jukwaa? Anayepokea husimama getini. Huku anakuja anayesindikiza." Akatengeneza skafu yangu kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Mume wangu ameondoka, mkaenda kumsindikiza ninyi. Mimi sikwenda. Mlinipa simu."

Tangu nyonga ipone tumekuwa tukimwambia kwamba kaburini kuna utelezi, asubiri barafu iyeyuke. Kusema kweli hatukuogopa utelezi peke yake. Tuliogopa kwamba akiliona kaburi atapata habari upya na kuumia upya. Hakubishana nasi. Alitafuta mwisho wa jukwaa ulio karibu.

Nimefanya kazi hii muda mrefu wa kutosha kujua jinsi kosa kama hili linavyotokea. Kila tulichokiona kilikuwa sahihi: mjane, koti, stesheni, jina la mume. Tulikosea moja tu, kwamba hatukumuuliza.

Nilimpigia Birgitta jioni nikamweleza. Ilinibidi nianze na kusindikiza kwenyewe, kwa kuwa Kiswidi hakina neno moja la kubeba maana yake. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kwa nini hakuna aliyemwuliza mwenyewe. Nikamwambia swali ni lake na ni langu. Hakuondoa pendekezo. Anayeamua ni afisa wa huduma za wazee, na kikao kimeshapangwa. Lakini alisema atabadilisha sentensi ile ya sababu, na kwamba mtu anayejua anakokwenda na kwa nini si sawa na mtu anayetangatanga. Nimemnukuu alivyosema. Siahidi zaidi ya hapo.

Espérance aliposikia habari hii aliketi kwanza. "Na sisi kwetu tunasindikiza," akasema. "Hata mkwe asiyependwa anafikishwa barabarani. Nimemkimbiza Bibi wa watu wiki zote hizi, kumbe alikuwa ana shughuli yake." Kisha akamwendea Mama kumtaka radhi. Mama alimwambia akimbie zaidi, atapungua.

Kwa hiyo kesho Jumamosi tunakuja. Espérance si zamu yake, lakini amesema anakuja. Tutapanda treni hapa Spånga, tubadilishe mjini, tushuke upande wa kusini. Mama amekataa kiti cha magurudumu. Amekataa maua ya dukani pia. Amepiga pasi kitenge kile cha buluu na ameniuliza kama kutoka getini hadi ulipolala ni mbali. Nikamwambia si mbali, lakini kuna mteremko. Akasema vizuri, mteremko humsaidia anayekwenda.

Anataka mwendo ule autembee peke yake. Mimi na Espérance tutabaki getini. Nakuahidi jambo moja, Baba, nalo kwangu si dogo: sitauliza mlizungumza nini. Wala sitaandika popote. Akirudi nitampa mkono, tupande treni, na akitaka kunyamaza mpaka Spånga nitanyamaza naye.

Jana usiku, kabla ya usingizi kunishika vizuri, niliiona tena ile stesheni yako. Hapakuwa na mtu. Moshi ulikuwa umetulia chini kama maji, na mwanga unaelea juu yake, na mahali fulani mbele, nje ya paa, kitu kizito kilikuwa kinaanza kwenda, pumzi moja, kimya, pumzi nyingine. Sikuogopa wala sikulia. Nilisikiliza tu mpaka kikawa mbali.

Nenda salama, Baba. Mama ni wangu kumwangalia sasa, na mlango wake pia.

Kikao ni Jumanne saa tatu asubuhi, katika ofisi ya wilaya. Nimeomba kiti cha ziada mezani. Mama atakuwepo, na atakayeulizwa kwanza ni yeye.

Mwanao,
Awor