Pipa la Saba

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, hasa yule wa mwisho aliyekuwa akikohoa. Sisi huku miili haijambo. Mke wangu anakusalimu sana. Baridi imewahi mwaka huu, na mizabibu imebaki vijiti vitupu hadi juu kabisa mlimani.

Umeniuliza mara mbili sasa Baba amepatwa na nini. Unasema anakaa kibarazani kwenu kutwa nzima, na ukimtajia kazi anageuza maneno. Unaamini wamemwachisha kazi kwa sababu ya uzee. Nivumilie, nikueleze.

Unaujua mvinyo wetu. Zabibu zake ni za aina iitwayo malbeki, nyeusi, zenye ganda nene, maana huku juu jua linachoma mchana na baridi inang'ata usiku. Ndiyo maana rangi yake ni nzito na ukali wake haulegei. Kazi yangu ni kuunusa, kuuonja, na kuwaambia wageni chakula cha kula nao: nyama ya ng'ombe ya kuchoma, uyoga, jibini gumu; samaki, hapana. Baba ametunza mapipa miaka thelathini na moja, na jasho lake ndilo lililonisomesha. Alizoea kunitania mbele ya wenzake kwamba alisomesha pua tu, kichwa kikabaki nyumbani.

Mvua zilipokatika niliugua homa siku tisa. Nilipoinuka, sikusikia harufu yoyote. Nilidhani itarudi. Nanusa kahawa, nanusa sabuni, nanusa kichwa cha mwanangu mchanga: hakuna kitu, Dada. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Mwonjaji asiye na pua ni wa nini? Nikawa nazungusha glasi, nafumba macho, nataja zambarau na pilipili manga kwa kukumbuka tu. Watu wakaitikia kwa vichwa.

Siku moja Baba akaniita ghalani. Alisema pipa la saba limeanza kuingia siki, tusilichanganye na mengine. Nikanusa. Ningeweza kumwambia, Baba, sisikii. Badala yake nikamwambia ni safi, uzee unamdanganya. Alinitazama, kisha akasema, "Haya, mwenye pua iliyosomeshwa ni wewe." Tukalichanganya na mavuno ya mwaka mzima.

Wanunuzi walipokuja, waliandaliwa chakula cha mchana, nyama ikifuka moshi mezani. Mgeni wa kwanza alitema kwenye kitambaa. Wa pili akaisukuma glasi. Mwenye shamba, mama yule asiyepaza sauti kamwe, aliuliza taratibu ni nani aliyeupitisha mvinyo ule. Nilikuwa nimesimama pale pale. Baba, aliyekuwa ameshika chupa, akaiweka chini.

"Ni mimi, mama," akasema. "Kijana alinionya, nikambishia. Pua yangu imekwisha."

Aliachishwa kazi alasiri ile ile. Nilimbebea begi hadi getini. Ni yeye aliyeniuliza, kwa upole, kama mtu anayemjulia hali mgonjwa:

"Tangu lini husikii harufu, mwanangu?"

Nikasema, tangu homa. Akachukua begi lake, akashika njia.

Basi, Dada, aliyemfukuza Baba si uzee wala mwenye shamba. Ni mimi. Na bado niko kazini. Jana nimeonja mapipa kumi na mawili, nikayasifu yote, bila kujua ninachosifu. Mara mbili nimefika mlangoni kwa mwenye shamba, mkono ukakataa kubisha. Sidhani nitafika mara ya tatu. Sina tena moyo huo.

Mshukuru shemeji kwa kumpa Baba chumba. Nibusie watoto. Lakini Baba usimpe salamu zangu. Atazipokea kwa furaha, na hilo ndilo siwezi kulistahimili.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba