Nilimrudisha kwa Mumewe kwa Mkono Wangu

Mpendwa Bi Jalia,

Naomba msaada wako, na ukiona barua hii haifai kuchapishwa basi nipigie hata simu, namba nimeiandika nyuma ya bahasha, kwa maana nimepewa mpaka Jumamosi tu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, Mkenya wa Bungoma, tulihamia Kampala na mume wangu mwaka tisini na tatu, nauza nguo za mtumba hapa Kawempe, na kwa miaka tisa nimekuwa kiongozi wa akina mama katika kanisa letu, kanisa la watu wa Kiswahili, Wakenya na Wakongo na wengine wa kaskazini mwa Uganda, na kazi yangu ni kuwafunda mabibi harusi na kuwasikiliza wake wenye shida. Majina ninayotaja si yao ya kweli.

Katika kanisa letu yuko mzee wa kanisa, nimwite Barnabé, fundi wa mageti kule Katwe, milango yote ya kanisa aliichomelea yeye, ndiye anayeongoza maombi ya Jumapili na akiomba watu wanalia. Mke wake, nimwite Filda, ni mtu wa Gulu, mpole, wana binti mmoja wa miaka tisa, Laker. Mwezi wa tatu Filda alinifuata baada ya ibada, akangoja wenzake wote watoke, akaniambia, "Mama, baba Laker ananipiga." Nikamwuliza, "Umemkosea nini?" Bi Jalia, hilo ndilo neno la kwanza lililonitoka. Akasema hajui. Nikamwambia afunge siku tatu, apike vizuri na asijibizane.

Mwezi wa tano akaja nyumbani kwangu na begi na mtoto, mdomo umevimba, akaomba alale kwangu wiki mbili tu mpaka kaka yake aje kumchukua, nami nikampigia simu Mchungaji, naye akasema, "Mama, mke wa mzee wa kanisa akilala kwako, kesho watu watasema tunavunja ndoa. Mrudishe, nitaongea na Barnabé." Basi nikalibeba lile begi mimi mwenyewe, nikawasindikiza mpaka mlangoni, Barnabé akatupokea akicheka, akatuletea soda, akasema, "Asante Mama kwa kunirudishia mke wangu," na mimi nikainywa ile soda nikaimaliza, Filda amekaa pale ananitazama tu.

Siku ya nane alimpiga kwa kipande cha nondo. Jicho la kushoto halioni tena, nyonga imevunjika, madaktari hawajui kama atatembea. Barnabé anasema mke wake aliteleza bafuni. Polisi walipofika wodini Filda hakusema mengi, alisema tu, "Mwulizeni Mama wa kanisa, yeye anajua." Sasa Mchungaji ameniita ofisini, anataka niandike kwamba Filda hakuwahi kuniletea malalamiko yoyote, na karatasi anaitaka kabla ya Jumamosi. Nikamwambia, "Mchungaji, huo si uongo?" Akanijibu, "Si uongo, Mama, ni kuifunika nyumba ya Bwana. Makanisa yanasemwa sana redioni siku hizi. Unataka na letu lifungwe?" Jumapili Barnabé akasimama akaongoza maombi kama kawaida, tukaambiwa tuiombee familia yake iliyopata ajali, na mimi nikasema amina pamoja na wengine.

Mume wangu anasema niandike, sisi ni wageni katika nchi hii, tusijitafutie mambo. Na kuna lingine sijawahi kulisema kwa mtu, yeye naye alinipiga miaka ya mwanzo, nikavumilia, akaja akaacha, nikadhani uvumilivu wangu ndio uliombadilisha, na hilo ndilo nimewafundisha mabibi harusi wote hawa. Jana mwimbaji mmoja wa kwaya alikuja kibandani kwangu, akashikashika gauni kama mtu anayenunua, akaniuliza polepole, "Mama, yule ulimrudisha. Mimi nitakimbilia kwa nani?" Mimi nikamtajia bei ya gauni. Bi Jalia, niandike ile karatasi au nisiandike?

Ni mimi ninayeungua moyo,
Kawempe

*

Mama wa Kawempe,

Usiandike. Hilo limekwisha.

Sasa nikuulize mimi. Umenijazia kurasa nne, umenieleza habari za soda na za Mchungaji, lakini Laker yuko wapi? Mama yake yuko wodini, baba yake yuko huru. Mtoto wa miaka tisa anaishi nyumba moja na mtu aliyeinua nondo, na huenda alikuwa ndani siku ile, na wewe unaniuliza habari ya karatasi! Funga kibanda sasa hivi. Usiende peke yako, wala usiende na mtu wa kanisa. Pita kwa mwenyekiti wa mtaa, pita polisi kwenye kitengo cha familia, mwende wote mchana huu mtoto atoke mle. Na kaka yake Filda apigiwe simu leo.

Utasema huyu ni Mwislamu wa Kibuli, anajua nini habari za kanisa. Mama, kwa miaka kumi na tisa nimeosha maiti za wanawake. Nimefunua shuka nikakuta mbavu zimevunjika, nimekuta alama za vidole shingoni, kwa watu walioambiwa, "Rudi kwa mumeo." Sisi nasi tunao walimu wa dini wanaosema hivyo, na tunao akina mama kama wewe. Mmoja wa niliowaosha aliitwa Jannat, jirani yangu. Ushauri wa kurudi nilimpa mimi, jikoni kwangu, nikamfungia na sambusa za kumpelekea mume. Kwa hiyo ukisikia nakukaripia, ujue najikaripia na mimi.

Pole kwa kipigo chako. Hukustahili hata kofi moja. Lakini kwa nini mumeo aliacha, hujui wewe wala sijui mimi, na jambo usilolijua umelifundisha miaka tisa kama dawa.

Mtoto akishatoka, andikisha maelezo polisi. Sema mwezi wa tatu, sema mwezi wa tano, sema begi ulibeba wewe na aliyekuagiza ni Mchungaji. Usimfiche, na usijifiche. Akikuletea karatasi yake, mwambie maneno yako yako polisi tayari. Mumeo akiogopa, mwache aogope, nenda.

Mchungaji wako anaogopa redio kuliko anavyomwogopa Mungu aliyemwona Filda akirudishwa. Mwambie kwamba Barnabé asiongoze tena maombi. Akikataa, waite akina mama, waeleze kwa kinywa chako ulichofanya, wala usilie ili wakubembeleze. Kisha mkubaliane ni katika nyumba za nani mke aliyepigwa atalala, na nani atampeleka kwa daktari kabla ya yote, bila kumwomba ruhusa mchungaji yeyote. Wale uliowafunda watafute mmoja mmoja, uwaambie ulikosea. Na yule mwimbaji mjibu leo hii: atakimbilia kwako, na safari hii mlango utafunguka.

*

Wasomaji wangu, haya sikungoja yachapishwe. Nilimsomea kwa simu siku ileile barua iliponifikia, na leo, baada ya wiki tatu, nayatoa kwa ruhusa yake. Laker yuko Gulu kwa mjomba wake. Barnabé yuko rumande. Mama wa Kawempe amevuliwa uongozi mbele ya kanisa lote. Wanawake kumi na mmoja walitoka pamoja naye, wengi walibaki wamekaa.

Na wewe Mama, juzi umenipigia unalia kwamba Filda amekataa kukuona, kwamba alikugeuzia mgongo ukiwa umesimama na chupa ya uji, na unauliza ufanye nini akusamehe. Usifanye kitu. Halazimiki. Usimtumie watu, usimwombee kwa sauti mlangoni pa wodi. Mwachie nesi uji na sabuni, usitaje jina lako, uondoke. Kesi inasikilizwa mwezi ujao. Fika mapema, usimame useme yote, hata yale yanayokuaibisha, naye Filda akiwa pale anasikia.

Bi Jalia, Kibuli