Televisheni Uliyomletea Mama

Nyumbani, chumba cha nyuma ya gereji,
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa kaka Spana,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Ni matumaini yangu kuwa wewe, wifi na watoto hamjambo, na kwamba ule mgongo wako umepona. Sisi tunapumua. Mimi ni mzima, ila moyo wangu haujatulia, na utaniwia radhi ukikuta ukali humu ndani. Nimeuandika upya mwanzo wa barua hii mara kadhaa nikijaribu kuupunguza huo ukali, ukagoma.

Uliuliza kwenye simu mbona hakuna aliyekushukuru kwa televisheni kubwa uliyotuma. Ulisema asante ya punda ni mateke. Sawa kaka. Leo nakueleza, maana kwa simu wewe huwa una haraka.

Unakumbuka tulivyokuwa wadogo, mbio za magari zilikuwa za kusikiliza. Magari yalipita barabara yetu mara moja, vumbi likatanda, tukapiga makofi, yakaenda zake mikoani. Yaliyobaki yalikuwa kazi ya redio. Baba alifunga gereji, mafundi wakakaa juu ya matairi, na yule mtangazaji mwenye kikohozi akatupeleka kona kwa kona. Hakuna aliyeona kitu, lakini kila mtu alijua nani yuko mbele na nani amekwama matopeni.

Kisha wakaja watu wa televisheni. Wakasema kamera haziwezi kufukuzana na magari nchi nzima, basi mbio zikahamishiwa uwanja wa zamani wa ndege, magari yakawa yanazunguka palepale kama kuku aliyefungwa mguu. Gari la kaka yetu Chapuchapu, naye keshakuwa dereva wa mbio, lilijaa matangazo ya sabuni na betri mpaka baba akauliza kama linakwenda mashindanoni au sokoni. Tulicheka. Mgala muue na haki yake mpe: televisheni ndiyo iliyomfanya mtoto wa fundi ajulikane. Mama alitembea sokoni kifua mbele, akimsimulia kila mtu kwamba yeye ndiye aliyempa jina Chapuchapu, kwa sababu alizaliwa kabla mkunga hajavua viatu.

Ile siku ya mwisho ya Chapuchapu unaijua kuliko mimi. Mbio zilikuwa za asubuhi. Watu wa televisheni wakasema nafasi yao ya kurusha matangazo haijafika, subirini. Madereva wakasubiri ndani ya magari, jua likapanda, mawingu yakaja, mvua ikashuka, nao wakaambiwa subirini. Baba alinisimulia kwamba mwenye bendera hakuangalia mbingu hata kidogo. Alimwangalia kijana mwenye vidude vya masikioni, akangoja amnyanyulie kidole. Kidole kikanyanyuka lami ikiwa imelowa, na Chapuchapu hakurudi nyumbani.

Baba alikufa na uchungu huo. Lakini wale hawakuona haya. Walichukua picha ya gari la kaka yetu linavyoingia kona na kupinduka, wakaiweka mwanzoni mwa kipindi chao cha kila Jumamosi, na ngoma juu yake. Ipo mpaka leo. Mtoto wa watu amefanywa kibwagizo.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kwenye televisheni yako. Kila Jumamosi mama alikuwa anavuta kiti mpaka kwenye ile televisheni kuukuu ya baba, anashika kile kidude cha kuwashia na kuzimia, anangoja. Ngoma zinaanza. Gari la Chapuchapu linatokea kwa mbali, linakuja, linakuja, na kabla halijagusa kona, mama anazima. Kisha anaenda jikoni akiwa na uso mtulivu kabisa. Hakuwahi kuona zaidi ya pale. Kwenye ile televisheni mwanawe alikuwa mzima kila wiki, na mkono wa mama haukuwahi kuchelewa.

Wewe hukujua, kwa sababu hujawahi kukaa nasi hata Jumamosi moja tangu tumzike Chapuchapu. Ulituma kitu kipya na ukaagiza ile kuukuu itolewe, eti nyumba si makumbusho. Mjomba akaipeleka kwa fundi redio, naye akaichambua vipuri siku ileile. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini nani aliuliza wahenga? Wewe ndiye mwenye nyumba kwa mbali, sisi ni walinzi tu.

Jumamosi iliyofuata mama alikaa mbele ya ukuta wako wa kioo akiwa na rimoti mkononi. Gari likatokea, kubwa kama la kweli. Akabonyeza pale alipozoea. Akabonyeza tena. Sauti ikaongezeka. Nilitoka jikoni mbio nikachomoa waya, lakini alikuwa ameshaona yote, mpaka watu wanakimbilia gari.

Hakulia. Aliniuliza tu kwa nini picha haikutikisika. Alisema aliyekuwa karibu na mwanawe kuliko wote alikuwa ameshika kamera, na mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Nilitamani kukichukua kile kioo nikitupe barabarani, na wewe uwe chini yake. Nasema kweli.

Tangu hapo televisheni yako tumeifunika shuka. Saa ya kipindi ikifika, mama ananiita nikae, na mimi namtangazia kwa mdomo kama yule mtangazaji wetu, mpaka kikohozi chake nakiigiza. Namwambia Chapuchapu anakuja, ameyaacha magari mawili, anaingia kona. Hapo nanyamaza. Mama anashukuru, anaenda jikoni.

Jana nilipofika kwenye kona nikanyamaza kama kawaida. Hakunyanyuka. Akasema, “Endelea tu, mwanangu. Nimeshaona. Nataka kujua kama alisema kitu.”

Mimi sikuwepo, kaka. Baba alikuwa upande wa pili wa uwanja. Wewe ndiye uliyeruka uzio, wewe ndiye uliyefungua mlango wa gari lake, na wewe ndiye uliyepanda ndege kabla matanga hayajaisha bila kumwambia mama hata neno moja. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Usitume kitu kingine. Njoo wewe, ukae kwenye kiti changu Jumamosi, umalizie.

Mjomba anakusalimu, shangazi pia, na fundi redio anaomba radhi kwa asilolijua. Nisalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawapenda. Mungu akulinde njiani, maana naandika nikiamini utakuwa njiani.

Akupendaye hata leo,
Kitindamimba.