Kisima, Paa la Msikiti, au Mize

Jumatano, 1 Rajabu 1305

Nimepona. Kifua kimeachia, na wale waliokuja kunitazama kwa macho ya mirathi wamerudi kwao wamenuna.

Mwalimu Ausi kaja kuniombea dua. Akasema mtu akifa amali zake hukatika ila tatu: sadaka inayoendelea, elimu inayonufaisha, na mtoto mwema wa kumwombea. Mtoto sikujaliwa, na mume nilimzika zamani. Elimu yangu ni kujua nani hapa Bagamoyo kamwacha nani — hainufaishi, ingawa inapendwa. Basi imebaki sadaka. Nikatamka mbele ya watu: shamba langu la minazi la Kaole nitalitoa, lizae kitu cha kudumu.

Nimekosea kutamka mbele ya watu.

Ijumaa, 3 Rajabu

Nyumba imejaa washauri. Mwalimu anataka paa jipya la msikiti. Linavuja, anasema. Naam, linavuja pale anaposimama yeye. Kaka yangu Muhidini anataka shamba liwe wakfu, na msimamizi awe Muhidini. Mkewe, wifi Dija, anasema nijijengee kaburi la mawe lenye sahani za Kichina ukutani. Sahani za kulia wageni sina, nimpambie maiti?

Mize katupikia wote. Mtumwa wangu huyu yuko nami tangu niolewe. Kaleta wali, kaondoa vyombo.

Jumapili, 5 Rajabu

Nimeamua: kisima, kule wanakopiga kambi wapagazi wa bara. Nimekwenda na Mize kupatazama. Nikamwuliza mpagazi mmoja, Mnyamwezi aliyeota sugu begani kwa kubeba pembe: nikichimba kisima hapa, utaniombea? Akafikiri kwa adabu. Akasema, bibi, njia nzima tunakunywa maji. Tukifika Bagamoyo tunatafuta pombe.

Nimecheka mpaka kifua kikauma tena. Lakini kisima ni kisima. Kisima cha Bi Zuleha — jina linapendeza mdomoni.

Jumatatu, 6 Rajabu

Mize alikuwa ananisuka. Akasema, "Bibi, umeuliza mji mzima. Mimi bado."

Nikamwambia haya, nawe unataka paa?

Mikono yake ikatulia kichwani mwangu. "Niache huru."

Nikamwuliza anakosa nini hapa. Akasema chakula hakosi. Ndipo akamtaja Bwanausi, mvuvi wa Saadani aliyefiwa na mkewe, yule anayeleta papa mkavu sokoni. Anataka kumwoa. Kumbe. Ndiyo maana tangu mwaka jana nyumba hii haili ila papa.

Akamaliza kusuka. Upande mmoja umebana kuliko wa pili.

Jumanne, 7 Rajabu

Hasira. Nimemgombeza kwa ajili ya chumvi, na chumvi ilikuwa sawa.

Paa, kisima, kaburi — ningetoa chochote katika hivyo, na jioni Mize angeniletea uji. Sadaka hii peke yake ndiyo itafunga mzigo wake iende Saadani. Wala haitabeba jina langu. Nani atapita kule aseme, huyu mke wa mvuvi ni sadaka ya Bi Zuleha? Akisema, Mize atampiga mwiko. Ningekuwa yeye, ningempiga.

Alhamisi, 9 Rajabu

Nimemwuliza Mwalimu, kwa kuzungukazunguka. Akasema kumwacha mtumwa huru kuna thawabu kubwa, ila niuchunge ulimi: ndoa, talaka na kuacha huru, mzaha wake ni kweli. Neno likitoka limetoka. Ananijua, mimi hufanya mzaha hata matangani.

Muhidini kasikia. Kaja mbio: "Wazimu huu. Nani atakuuguza?"

Katika maisha yake yote hajapata kuniuliza swali la maana kama hilo. Nikamwambia, wewe, kaka. Akaaga upesi.

Usiku sikulala. Kikohozi kidogo. Mize kaja na tangawizi kabla sijaita.

Ijumaa, 10 Rajabu

Baada ya sala wamekuja barazani: Mwalimu, Muhidini, na jirani wawili niliowaita washuhudie neno langu. Mwalimu bado anatumai paa. Mimi nimo ndani naandika, wameambiwa navaa.

Mize kasimama mlangoni na mdila wa kahawa. Anauliza awamiminie sasa au angoje. Nimemwambia auweke chini, akaketi mkekani pamoja nao. Ananitazama usoni, anapima kama ni mzaha.

Mwalimu anaita: Bi Zuleha, tunakungoja. Nimeitika, naja.

Mize ameuweka mdila chini, polepole. Mimi bado sijainuka.